Weusi wa Kuta za Mji Mkongwe

Masika yakishamwaga maji yake, Mji Mkongwe wa Zanzibar hubadilika rangi. Kuta zilizokuwa nyeupe, au za rangi ya maziwa, hutia michirizi: kijani karibu na ardhi, kahawia katikati, na juu, chini ya ukingo wa paa na pembeni mwa milizamu, weusi mzito mfano wa masizi ya jiko la kuni. Mgeni husimama akapiga picha na kuusifu ukale wake. Wenyeji tumezoea, tunapita. Lakini sisi tuliopewa amana ya kusimamia misikiti ya mji huu hatuwezi kupita tu, kwani waumini hutuuliza, na wana haki ya kutuuliza, vipi nyumba ya Mwenyezi Mungu iwe na ukuta wa namna ile.

Wengine huuita weusi huo moshi. Si moshi. Ni viumbe hai. Vya kwanza kufika ni sianobakteria, vijidudu vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani, vikihitaji unyevu tu na mahali pa kushika. Hufuatana na miani midogo isiyoonekana kwa macho, kisha kuvu, na mwishowe kuvumwani, yaani kuvu na mwani vilivyofunga ndoa vikaishi kama kiumbe kimoja, ambavyo huonekana kama mabaka ya kijivu au ya njano juu ya mawe ya makaburi. Kisiwa chetu hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, hewa yake ina unyevu mchana na usiku, na vichochoro vya mji ni vyembamba hata jua haliingii ila kwa saa chache. Kwa viumbe hivyo, hapa ni peponi.

Madhara yao yanatofautiana, na jambo hili watu wengi hawalijui. Utando mwembamba mweusi aghalabu ni aibu ya macho zaidi kuliko maradhi ya jiwe. Kuvumwani na kuvu wengine ndio wenye kuingiza nyuzi zao ndani ya vitundu vya jiwe na kutoa asidi zinazolila polepole. Na kila utando, uwe mwembamba au mnene, hushika maji, ukauzuia ukuta kukauka. Mji huu wenye majengo yapatayo 1,700 na misikiti karibu hamsini, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo uliochanganywa na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo adui yake mkubwa ni maji yanayoingia yasitoke.

Msikiti wetu ni mdogo, wa mtaa, na ukuta wake wa kibla kwa upande wa nje ulikuwa umekwisha kuwa mweusi tangu usawa wa paa hadi usawa wa kifua. Muumini mmoja, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alijitolea kugharamia kazi yote kabla ya Ramadhani: kuosha kwa mashine ya maji ya kasi, ile inayooshea magari, kisha kumwagia dawa ya klorini, kisha rangi ya plastiki, na vigae kutoka chini mpaka usawa wa bega. Vijana walifurahi. Wazee wawili walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa na uzito. Kamati ikaona isijibu mpaka itembee kwanza, iangalie wengine wamefanyaje na kuta zilizotangulia zetu kwa umri.

Tulianzia mbali, kwa makusudi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani uko kusini ya Unguja, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka mjini. Kwa nje ni wa kawaida kabisa, kuta nyeupe na paa la bati, na asiyeambiwa angelidhani umejengwa juzi. Ndani, ukutani mwa kibla, kuna maandishi ya Kiarabu ya khati ya Kufi yaliyochongwa juu ya matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Maandishi mengine yanataja matengenezo ya karne ya 18. Matumbawe ya kuchongea huchukuliwa baharini yakiwa laini, hukatwa yangali na maji, kisha hukakamaa yakipata hewa. Ndiyo maana mchongaji wa zama zile aliweza kuzikunja herufi zake kama anayesuka ukili.

Tulisimama mbele ya herufi zile muda mrefu kuliko tulivyopanga. Zaidi ya miaka mia tisa, na makali ya kila herufi yangalipo. Tulimuuliza mzee aliyetufungulia mlango, wanazisafisha kwa nini. Akatutazama kama watu waliouliza swali la kitoto. "Hatuzisafishi, wanangu," akasema. "Tunatazama paa."

Maneno hayo tuliyabeba katika gari mpaka mjini. Jiwe la mihrabu ya Kizimkazi halina tofauti kubwa na mawe ya nyumba zetu. Kilicholihifadhi ni kuwa kavu. Pasipo maji, sianobakteria hulala, kuvu hukosa riziki, na jiwe hubaki na sura aliyoiacha fundi. Dawa ya kwanza ya weusi, basi, haiuzwi dukani. Ni bati lisilovuja, mlizamu usioziba majani, na maji ya mvua yanayotupwa mbali na ukuta.

Safari ya pili ilikuwa ya upande mwingine. Ukitoka mjini kwa njia ya Bububu, ukakata kuingia ndani kwenye mikarafuu na minazi, utafika Kidichi, ambako Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu katikati ya karne ya 19. Jengo ni dogo, lenye kuba, na ndani yake kuta zimepambwa kwa chokaa iliyofinyangwa maua na majani kwa mtindo wa Uajemi. Hakuna kazi ya mkono iliyo laini kuliko ile katika kisiwa kizima. Na hapo ukungu umetangulia: kijani, kijivu na weusi vimeingia baina ya maua. Mahali ni pa kivuli, miti imezunguka, na hewa haichezi vya kutosha.

Kidichi ndipo tulipofahamu kuwa dawa moja haifai kila ukuta. Mmoja wetu, ambaye mkono wake hauwezi kutulia akiona uchafu, alisema kwa mzaha kwamba angepewa burashi ya waya kwa saa moja tu. Kwa saa moja hiyo maua yangekwisha. Chokaa iliyofinyangwa ni laini. Waya huikwaruza, na vipande vya chuma vinavyobaki hushika kutu na kuacha madoa yasiyotoka. Mapambo ya aina hiyo hayaguswi ila na mtaalamu, kwa burashi laini mno na maji kidogo, inchi kwa inchi, na pengine uamuzi bora ni kuuacha ukungu mahali pake mpaka hewa na kivuli vitengenezwe. Ukuta mtupu wa msikiti wetu una nafasi zaidi. Lakini hata huo una mipaka yake.

Tuseme wazi yale tuliyoyaacha, kwa kuwa ndiyo yanayofanywa kila siku mjini. Asidi ya kusafishia vyoo haifai kabisa: matumbawe na chokaa ni kalsiamu kabonati, na asidi huviyeyusha vyote viwili, ukaona povu linatoka ukadhani ni uchafu, kumbe ni ukuta wenyewe unaondoka. Dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe, hung'arisha ukuta kwa siku moja. Watu husema mashallah. Lakini huacha chumvi ndani ya jiwe. Chumvi hiyo huyeyuka ukuta ukilowa na kuganda ukikauka, na kila ikiganda hutanuka na kumega jiwe kutoka ndani, mpaka ukuta ukaanza kumwaga unga. Mji wetu unapigwa na upepo wa bahari, una chumvi ya kumtosha. Kumwongezea ni kumdhulumu. Tena maji ya klorini hayapotei. Hufuata kichochoro, huingia mtaroni, huishia pwani, na mengine huzama ardhini. Msikiti wetu una kisima cha zamani ambacho watu hutawadhia umeme unapokatika. Hatukuona vipi tungeweza kusafisha ukuta kwa kukichafua kisima cha udhu.

Mashine ya maji ya kasi inaondoa weusi, ni kweli, na pamoja nao huondoa chokaa ya baina ya mawe na kusukuma maji ndani kabisa ya ukuta. Baada ya masika moja au mawili weusi hurudi ukiwa umepata vitundu vipya vya kushika. Ama rangi ya plastiki na lipu ya saruji, hizo hufanya jambo baya kuliko yote: hufunga. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kaskazi. Ukiufunga kwa plastiki, maji yaliyopanda kutoka ardhini au kuingia kwa juu hukosa njia, huvimbisha rangi, huozesha ncha za boriti zilizofukiwa ukutani. Vigae ni hivyo hivyo. Tumeona misikiti iliyovikwa vigae ambayo ukigonga, kigae kinajibu kama chungu kitupu.

Tulirejea kwa wazee wetu wawili, na hapo mmoja wao akafungua mdomo. Alipokuwa mdogo, alisema, msikiti ulipakwa chokaa kila Shaabani. Watoto wa chuoni walibeba ndoo, kina mama walipika chai na mikate ya kumimina, na fundi alikuwa mtu wa mtaa huohuo. Na kwa vile mwezi wa Hijria huzunguka misimu yote, miaka ambayo Shaabani iliangukia mvuani walingoja mpaka ukuta ukauke, hata kama Ramadhani imeingia. Hakuna aliyeliita jambo hilo uhifadhi. Lilikuwa ni ada tu, kama kukung'uta majamvi.

Ada hiyo ilikuwa na elimu ndani yake. Jiwe la matumbawe likichomwa tanuuni kwa joto la nyuzi 900 hivi hutoa kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa kali. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji hufoka na kuchemka, kisha hutulia. Ikipakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ileile iliyoitoa motoni, na polepole hurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo kila mpako ni jiwe jipya jembamba juu ya jiwe kongwe, la asili moja nalo, lenye kupumua kama lenyewe. Na katika siku zake za mwanzo chokaa mbichi ni alikali kali mno. Kwa kipimo cha wanakemia kinachoishia 14, yenyewe hupita 12. Kuvu na miani haviwezi kuishi humo. Babu zetu walikuwa wakiua ukungu kila mwaka bila ya kununua sumu.

Hatusemi kwamba chokaa haina lawama. Tanuu hula kuni nyingi, na matumbawe hai ya baharini hayafai kuguswa, kwani ndiyo mazalio ya samaki wetu. Chokaa ya leo itoke kwenye mwamba wa nchi kavu au kwenye viwanda vinavyoizalisha, na inunuliwe kwa kadiri ya haja.

Katika kuuliza kwetu tulikutana pia na habari ya mafuta ya mimea, na kwa watu wa visiwa vya karafuu ilitusisimua. Makumbusho ya Vatican, huko Roma, yamejaribu mafuta ya mimea yenye harufu kuondoa viumbe kwenye sanamu za mawe zilizo bustanini. Wahifadhi wa Borobudur katika kisiwa cha Java, mahali pa mvua na joto kama petu, nao wametumia mafuta ya jamii ya mchaichai dhidi ya kuvumwani. Kiini cha mafuta ya karafuu, eujenoli, kinajulikana kuwa huua kuvu, na Pemba ina kiwanda cha kukamua mafuta hayo kutokana na makonyo. Vijana walitaka tuagize dumu siku ileile. Tuliwazuia, kwa sababu mafuta ya karafuu hugeuka rangi ya kahawia yakikaa kwenye hewa, na ukuta mweupe uliotiwa madoa ya kahawia haujatibiwa. Jambo hili ni la kujaribiwa na wataalamu kwenye kipande cha ukuta kilichofichika. Kuna na haidrojeni peroksaidi, ambayo ikimaliza kazi yake huvunjika ikawa maji na oksijeni tu. Hiyo hutumiwa na wahifadhi mahali ambapo viumbe vimeota mizizi, kwa kipimo hafifu na mkono wenye glavu.

Kwa ukuta wetu tuliamua hivi. Kwanza, kutafuta maji yanatoka wapi. Pili, kungoja kiangazi. Kisha kuukwangua utando mkavu kwa kijiti cha mti na kuusugua kwa burashi ya usumba, wafanyaji wakiwa wamefunga pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la kuvu si jema kifuani. Halafu maji safi kidogo, ndoo kwa ndoo. Tunawafundisha watoto kwamba israfu ya maji imekatazwa hata kwa mwenye kutawadha mtoni, na ukuta nao usitumie zaidi ya haja yake. Ukuta ukisha kukauka, chokaa nyepesi kama maziwa, mipako mitatu au minne, kila mmoja ukipewa siku yake, ukuta ukiloweshwa kidogo kabla na kukingwa na jua la mchana kwa magunia. Macho yalindwe, chokaa mbichi huunguza. Na kwa kuwa tumo ndani ya mji unaohifadhiwa, tulipeleka barua kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, kabla ya kugusa chochote. Baadhi ya kamati za misikiti huona hatua hiyo ni usumbufu. Sisi tuliokuwa mjini tarehe 25 Disemba 2020, siku upande mmoja wa Beit al-Ajaib ulipoporomoka na watu wawili wakafariki, hatuoni hivyo.

Kutafuta maji kulituchukua muda kuliko kazi yote. Fundi alipanda ngazi asubuhi ya siku kavu, siku ya kumi bila ya mvua, akakuta sehemu ya juu ya ukuta wa kibla imelowa. Mvua ilikuwa haina hatia. Juu ya paa la jirani yetu, mwenye nyumba ya kulaza wageni, kuna matangi matatu ya maji, na bomba la kumwagia maji ya ziada lilielekezwa ukutani mwa msikiti. Kila alfajiri, pampu ikijaza, maji yalikuwa yakishuka kimya kimya juu ya mawe yetu. Miaka mingapi, hakuna ajuaye. Rangi ya plastiki ingekuwa imetandikwa juu ya mto.

Kwenda kwa jirani si jambo la wepesi. Haki ya jirani ni nzito, na neno moja la ukali hufunga mlango kwa miaka. Tulimpeleka mzee wetu aliyesimulia habari ya Shaabani, tukamfuata nyuma. Hakutaja ukuta kwanza. Alimuulizia hali ya watoto, akamuulizia biashara, akanywa kahawa yake mpaka ikesha, ndipo akasema, "Sheikh, maji yako yanasali na sisi kila alfajiri." Jirani alicheka, kisha akanyamaza, kisha akatoka naye kwenda kuangalia. Bomba lilihamishwa baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo tulizihesabu.

Ikabaki habari ya yule muumini aliyetaka kutoa vigae. Alikuja baada ya Ijumaa, akatazama ukuta uliokuwa umeanza kukauka na kugeuka kijivu, weusi ukibanduka wenyewe kama ngozi ya samaki juani. Tulimweleza yote. "Kwa hiyo pesa zangu," akauliza, "zitanunua chokaa tu?" Tulimwambia zitanunua chokaa, ujira wa mafundi wawili na milizamu mipya, na zitakazobaki tungependa aziweke wakfu mdogo ambao faida yake italipia chokaa ya kila mwaka. Alifikiri. Alisema vigae vinaonekana na watu, chokaa baada ya mwaka haionekani. Hakuna aliyemjibu, ila mzee wetu alimkumbusha Hadithi ya yule aliyekuwa akifagia msikiti, ambaye Mtume (S.A.W.) alimuulizia alipomkosa, na alipoambiwa amefariki akaenda kumsalia kaburini. Muumini yule aliomba apewe mpaka Jumatatu, na Jumatatu alikuja na mtoto wake wa kiume, akataka jina la mtoto liandikwe katika daftari la watakaopaka.

Chokaa imelowekwa ndani ya pipa nyuma ya birika la udhu tangu wiki iliyopita, imefunikwa kwa ubao na jiwe, na watoto wa madrasa wamekatazwa kulisogelea. Fundi anasema ikilala mwezi mzima itakuwa laini kama samli. Ukuta, tulipoushika jana kwa kiganja, ulikuwa mkavu mpaka juu.